Juzuu ya Kwanza Iko Wapi?



Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, binti wa ndugu yangu aliingia nyumbani kwangu, kitabu kwapani, uso umemvimba. Ana umri wa miaka kumi na minne, naye ni msomaji wa kweli, si wa kusukumwa. Akishika kitabu husahau hata chakula kilicho mbele yake. Siku hiyo alikibwaga kitabu chake mezani, karibu na birika la chai, akasema: "Shangazi, watu wote wa humu wajuana. Mimi peke yangu ndiye mgeni."

Nilikitwaa nikakitazama. Kilikuwa Anne of the Island, cha mwandishi wa Kanada, L. M. Montgomery, nakala kuukuu iliyonunuliwa kwa muuza vitabu aliyetandaza bidhaa yake kando ya njia, si mbali na Marikiti. Jalada lake lilikuwa zuri, karatasi zilikuwa hazijalegea, na bei ilikuwa ya kumfaa mtoto wa shule. Jambo moja tu halikuandikwa mahali popote, nalo ni kwamba hicho ni kitabu cha tatu. Cha kwanza, Anne of Green Gables, kilitoka mwaka 1908, cha pili mwaka uliofuata, na hiki mwaka 1915. Binti yetu alikuwa amekwisha kusoma kurasa sitini kwa kubahatisha. Kuna watoto pacha, Davy na Dora, katika nyumba ya bibi aitwaye Marilla, wametoka wapi? Kuna Bi Lynde aishiye humo humo kama mwenye nyumba wa pili. Amehamia lini, na kwa nini? Kuna kijana Gilbert, mwema, mwenye adabu, ampendaye Anne waziwazi, na kila aelekeapo kulitamka lililo moyoni mwake msichana huyageuza mazungumzo. "Kwani alimkosea nini?" akaniuliza. Tena kuna mtu aitwaye Matthew, ambaye hutajwa kwa huzuni, naye kitabuni hayumo.

Majibu yote nilikuwa nayo. Najua kwamba zamani, darasani, Gilbert alimvuta Anne nywele zake nyekundu akamwita karoti, na Anne akampasulia kibao cha kuandikia kichwani. Namjua Matthew, yule mzee mwenye haya aliyekwenda stesheni kumpokea yatima mvulana wa kusaidia shambani, akamkuta pale yatima msichana, akashindwa kumwambia kwamba wamekosea. Lakini nilinyamaza. Kumweleza mtoto kwa maneno kumi jambo ambalo mwandishi alilijenga kwa mamia ya kurasa ni kumlisha maganda na kumnyima tunda. Nikamwambia akifunge kitabu hicho mpaka tupate cha kwanza. Hasara moja ilikuwa imekwisha kutokea, na sikuweza kuizuia: alikuwa ameshajua kwamba Matthew amekufa.

Kero hii wengi wetu twaijua, na hatuisemi kwa kuwa tunaona haya. Mtu huanza kitabu, akajiona mzito wa akili, akadhani wenziwe wanaelewa na yeye haelewi, kumbe ameingia hadithini wakati wageni wengine wamekwisha kula na sahani zinaondolewa. Wachapishaji nao hawapendi kuandika namba juu ya jalada, na sababu yake si siri: mnunuzi akiona "cha tatu" na cha kwanza hana, hukirudisha kitabu rafuni. Kwetu kuna sababu nyingine juu ya hiyo. Vitabu vyetu vingi hutufikia kama zifikavyo nguo za mitumba, vimetoka katika nyumba za watu tusiowajua, ndugu wametenganishwa njiani, mmoja ameshukia Mombasa na mwenziwe hajulikani aliposhukia. Na vile ambavyo twavinunua vizima hutawanyika kwa kuazimana. Juzuu ya kwanza ndiyo ya kuazimwa, kwa kuwa ndiyo anayoitaka kila mtu, na ndiyo isiyorudi. Msomaji, simama ulitazame kabati lako. Ukikuta vitabu vyako vyaanzia cha pili, huko peke yako.

Si kila mfululizo una madhara haya. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtungia Bwana Msa visa kadhaa, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale uliotoka mwaka 1960 hadi Kosa la Bwana Msa la mwaka 1984. Mimi nilianza na Kisima cha Giningi, ambacho ni cha pili, na sikupungukiwa na kitu. Kila kitabu kina fumbo lake, na Bwana Msa huingia na kiko chake akiwa yule yule. Vitabu vya namna hiyo ni kama vyumba vilivyopangwa kwenye ukumbi mmoja. Waweza kuanzia chumba chochote.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa madrasa, aliponisikia nikilalamika alicheka, akanikumbusha kwamba sisi sote tulianzia mwisho: chuoni tulishikishwa juzuu ya Amma, nayo ni ya thelathini. Ni kweli. Nikamjibu kwa yale ambayo yeye mwenyewe huwafunza watoto, kwamba sura zile fupi kila moja imetimia yenyewe, na mtoto huzihifadhi kwa kuzihitajia katika sala zake. Hadithi iliyotungwa na mwanadamu haina fadhila hiyo. Akakubali, ingawa kwa tabasamu la mtu asiyekubali sana.

Madhara huwa makubwa pale ambapo mwandishi hakuandika vitabu vitatu bali aliandika kimoja kikakatwa. Naguib Mahfouz wa Misri alimaliza mwaka 1952 riwaya ndefu mno juu ya familia ya mfanyabiashara wa Cairo. Mchapishaji akaiona imezidi ukubwa, na hatimaye ikatoka kwa sehemu tatu mnamo 1956 na 1957, kila moja ikipewa jina la mtaa wa mji ule wa kale: Bayn al-Qasrayn, Qasr al-Shawq na al-Sukkariyya. Aanzaye na ya pili huingia katika nyumba iliyofiwa. Mama amebadilika, na baba kwa miaka mitano amejizuilia starehe alizozizoea, kwa sababu ya mwana mmoja, Fahmy, ambaye msomaji hakuwahi kumwona hai. Msomaji huyo amefika matangani bila kumjua marehemu. Hukaa jamvini akatazama nyuso za watu. (Niseme papo hapo kwamba riwaya zile si za kuwapa watoto. Zina mambo ya watu wazima, na baba yule hakuwa mfano wa kuigwa.)

Kisa changu mwenyewe, hata hivyo, ni cha kitabu kingine, nacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu wiki hii.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoazimwa Hamkani si Shwari Tena, tafsiri ya Kiswahili ya No Longer at Ease, riwaya ya Chinua Achebe wa Nijeria iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1960. Nakala ile ilikuwa imebambuka jalada, na kurasa zake za mwanzo zimekwenda na jalada. Sikujua kwamba miaka miwili kabla yake Achebe alikuwa ametoa Things Fall Apart, ambayo kwa Kiswahili iliitwa Shujaa Okonkwo, wala sikujua kwamba huyu Obi ninayemsoma ni mjukuu wa yule Okonkwo. Nilidhani nimeshika hadithi kamili. Hapo ndipo balaa langu lilipolizidi la binti yetu. Yeye aliliona pengo, likamuudhi, akakibwaga kitabu. Mimi sikuona pengo lolote. Nilisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaridhika kwamba nimeelewa.

Obi amesomeshwa Uingereza kwa fedha za watu wa kijiji chake, Umuofia. Amerudi, amepata kazi serikalini mjini Lagos, na ataka kumwoa Clara, ambaye kwa mila za Waigbo ni osu, mtu wa ukoo uliowekwa wakfu kwa miungu ya zamani, asiyeolewa na watu huru. Baba yake Obi, Isaac, ni mzee Mkristo aliyekuwa mwalimu wa dini, na Obi atumaini kwamba Ukristo wa babake utaivunja mila ile. Isaac akataa. Kisha usiku, baba na mwana wakiwa peke yao, mzee yule asema jambo ambalo hakuulizwa. Amwambia mwanawe kwamba siku alipoletewa habari kuwa baba yake amejinyonga, alikataa kwenda mazishini. Mwalimu wake Mzungu alimhimiza aende, naye akakataa vilevile. Katika maneno hayo hayo amtaja mvulana aitwaye Ikemefuna, ambaye walikua pamoja katika nyumba ya mama yake, mpaka siku ambayo babake alimwua kwa mkono wake. Ni mistari michache tu. Niliipita kama mtu apitaye mbele ya mlango wa nyumba asiyoijua.

Nilichokiona mimi ni mwana aliyekataa kumzika babake. Pambizoni mwa ukurasa ule, na kitabu si changu, Mungu anisamehe, niliandika kwa penseli neno moja: "Jiwe."

Nilikuwa mwepesi wa kuhukumu kwa sababu nilikuwa na wa kumfananisha naye. Katika ukoo wetu wa Lamu kulikuwa na Ami, ndugu yake babangu kwa baba, mama mbalimbali. Siku babu yangu alipofariki, jeneza lilipitishwa mbele ya duka la mwanawe huyo. Maduka yote ya njia ile yalikuwa yamefungwa. Lake lilikuwa wazi, na waliolibeba jeneza walimwona ndani akipima sukari. Hakutoka. Hakulifuata. Haukupita muda mrefu akauhama mji, akaja kukaa Mombasa, nasi watoto tukakua tukimjua kwa kisa hicho kimoja. Akitajwa mtu mgumu wa moyo, watu wazima wa nyumbani walikuwa wakisema, "Huyo ni mpima sukari," na hapakuhitajika maelezo. Siku za Idi alikuja kututembelea, mpole, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, peremende mfukoni kwa ajili ya watoto. Tulizipokea peremende, tukambusu mkono, na akishatoka tu maneno yakaanza.

Miaka ikapita, zaidi ya ishirini na mitano. Mwanangu wa kiume akaletewa Things Fall Apart shuleni, akaiacha juu ya kochi, nami nikaiokota kwa ajili tu ya jina la mwandishi. Nilipofika kwa Ikemefuna nilisimama. Jina lile nilikuwa nalijua, na sikukumbuka nilikolijulia.

Kwa wasiokisoma, mambo yalikuwa hivi. Ikemefuna alikuwa mvulana wa kijiji cha Mbaino, aliyetolewa kwa Umuofia kuwa fidia ya mwanamke aliyeuawa. Wazee wakamweka katika nyumba ya Okonkwo kwa muda, na muda ule ukawa miaka mitatu. Akazoea. Akawa kama kaka kwa Nwoye, mwana mkubwa wa Okonkwo, mtoto mpole ambaye babake alimdharau kwa upole wake. Humfunza michezo, humsimulia hadithi, na Nwoye akachangamka. Ikemefuna akawa amwita Okonkwo baba. Kisha likaja tamko kwamba mvulana auawe. Mzee mmoja, Ezeudu, alikwenda kwa makusudi kumwonya Okonkwo: mtoto huyu akuita baba, usiwe na mkono katika jambo hili. Okonkwo akaenda. Njiani, mvulana alipopigwa pigo la kwanza, alimkimbilia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa baba yake, na Okonkwo akammaliza kwa panga. Alichelea kuitwa dhaifu. Jioni aliporudi nyumbani, Nwoye alimtazama tu akajua, na kitu fulani ndani yake kikakatika.

Nwoye huyu ndiye Isaac. Alipobatizwa alipewa jina jipya. Mzee yule niliyemwandikia "Jiwe" alikuwa ndiye mtoto aliyemngoja nduguye jioni ile.

Ilinibidi nikitafute tena kitabu cha ujana wangu. Nilikipata kwa shida, nakala nyingine, nikaifungua pale pale. Mistari ilikuwa ile ile michache, na safari hii sikuweza kuivuka. Niligundua na jambo jingine lililonipita mara ya kwanza. Isaac alipokataa kwenda kuzika alisema neno juu ya watu waishio kwa upanga, na mwalimu wa Kizungu akadhani ni juu ya tarishi wa serikali ambaye Okonkwo alimwua mwishoni. Mzungu yule alikijua kisa cha juzi tu. Isaac alikuwa akimsemea Ikemefuna, aliyekufa miaka mingi nyuma, na hakujishughulisha kumweleza mtu. Kumbe hata ndani ya kitabu kulikuwa na msomaji mwenzangu aliyeanzia katikati, na yeye pia hakujua kwamba ameanzia katikati.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Achebe alikusudia hapo mwanzo kuandika kitabu kimoja cha vizazi vitatu, cha babu, cha baba na cha mjukuu. Akaona hakimkai sawa, akakigawa. Babu akapata kitabu chake, na mjukuu akapata chake. Baba wa katikati, Isaac, hakupata. Vitabu vyake vyote ni ile mistari michache ya usiku ule. Wako wanaokihesabu Arrow of God, cha mwaka 1964, kuwa cha tatu katika mfululizo. Ni riwaya kubwa, na kwa rai yangu ni kubwa kuliko hizo mbili, lakini ni ya watu wengine na vijiji vingine. Amtafutaye Okonkwo humo atachoka bure.

Sasa Ami. Sitaki kudai kwamba riwaya iliniamuru. Ila baada ya kukifunga kitabu kile kwa mara ya pili sikupata usingizi mzuri, na kila nilipolala nilisikia lile neno, mpima sukari. Siku moja ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nikajifunga buibui nikaenda Kibokoni. Wakati huo alikuwa amekwisha pita miaka themanini, macho yamepungua nuru, anakaa barazani pa nyumba ya bintiye. Nikambusu mkono, tukaulizana hali, tukaletewa kahawa. Nikazunguka kwa maneno mengi mpaka yeye mwenyewe akaniambia, "Sema, mwanangu. Hukuja kwa kahawa."

Nikamwambia, "Ami, niwie radhi. Siku ile babu alipozikwa."

Alinyamaza mpaka nikaamini kwamba nimekosa adabu. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti:

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mamangu alikuwa amekwisha achwa, amerudishwa kwao Siyu, nami nikazuiliwa kumfuata. Alipofariki, barua ililetwa na nahodha. Babangu akaitia mfukoni mwa kanzu. Niliiona mimi baada ya mwezi, nafua nguo."

Akanyanyua kikombe chake akanywa. Kisha akaniuliza watoto wangu hawajambo.

Hayo ndiyo yote niliyoyapata, na mpaka anaingia kaburini hakuongeza neno. Miaka kumi na miwili; mwezi mzima amekula, amelala na amecheza bila kujua kwamba mamake hayupo, khitma imesomwa bila yeye, na aliyejua alikuwa akikaa naye sinia moja. Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikuona njia.

Niliwasimulia ndugu zangu. Mkubwa wetu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema barua ni barua na jeneza ni jeneza. Kulifuata jeneza ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe, seuze mwana kwa babake, na kosa la mzazi halimwondolei mwana wajibu wake. Sikuwa na hoja ya kumjibu, na mpaka leo sina. Sikusema wakati ule, wala sisemi sasa, kwamba Ami alifanya vyema kuacha duka wazi, kama vile sisemi kwamba Isaac alifanya vyema. Nilichokisema ni kwamba sisi tulimhukumu kwa miaka thelathini na juzuu ya kwanza hatujapata kuifungua. Na ndugu yangu, mtu wa haki, akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: je, na babu? Yeye naye tumemjulia wapi? Pengine alishindwa kumtazama mtoto usoni akamwambia. Pengine alingoja siku njema, na siku njema haikuja, na kanzu ikaenda kufuliwa. Waliokuwa wakiijua juzuu ya babu wote wamekwisha tangulia.

Neno la mpima sukari halikutamkwa tena nyumbani kwetu. Hakuna aliyelipiga marufuku, lilikoma lenyewe. Ami alifariki mwaka uliofuata, akazikwa Kikowani. Siku hiyo ndugu yangu mkubwa hakufungua duka lake tangu asubuhi.

Tumrudie binti yetu, maana yeye ndiye aliyeleta mada. Kwa wazazi wenye watoto wasomaji nina mambo machache ya kusema. Kabla ya kununua kitabu cha mtumba, fungua kurasa za mwanzo kabisa, nyuma ya jina la kitabu. Mara nyingi huko kuna orodha ya vitabu vya mwandishi huyo, na kama kuna mfululizo, huonekana hapo hata kama jalada limeficha. Ukipata namba yake, iandike ndani ya jalada kwa penseli, ili atakayekinunua baada yako asipotee. Orodha ile, hata hivyo, isikudanganye kwamba kilichoandikwa mwisho ndicho cha kusomwa mwisho. Huyu huyu Bi Montgomery aliwahi kurudi nyuma: vitabu vyake viwili, vya mwaka 1936 na 1939, vyasimulia miaka iliyo kabla ya kile cha mwaka 1921. Na kama umo miongoni mwa walioazima juzuu za kwanza za watu, nyumba unazijua.

Cha kwanza cha Anne tulikipata Malindi, kwa binamu yangu, kikaletwa na dereva wa matatu ndani ya kikapu cha maembe. Binti yetu alikipokea kwa mikono miwili akapotea nacho. Siku ya tatu alikuja akicheka, amekwisha kuelewa kisa cha karoti na kibao, na akatangaza kwamba Gilbert alistahili. Siku ya tano akaja kimya. Nilimwuliza amefika wapi. Akanambia yuko mahali ambapo Matthew, bila kumweleza mtu, amekwenda dukani kumnunulia Anne kitambaa cha gauni lenye mikono ya kufura kama ya wenziwe, na kwa haya zake amerudi na reki ya bustani na ratili ishirini za sukari.

"Yu hai humu, Shangazi," akasema. "Anatembea, anazungumza, na mimi najua."

Sikuwa na la kumwambia. Jana amekuja tena. Amebakisha sura mbili, na kitabu amekiweka juu ya kabati, mahali ambapo lazima apande kiti ndipo akifikie.